Kwa nini gari la zamani huchemsha, na namna ya kuutafuta ugonjwa kabla ya kufungua injini

MSHALE wa joto huanza kupanda taratibu, gari likiwa limesimama katika foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Dereva hukizima kiyoyozi, hushusha vioo, na gari likipata nafasi ya kwenda mita mia mbili tatu mshale hurudi chini. Kesho yake hali hujirudia. Mwenye gari huongeza maji, kisha hununua mfuniko mpya wa rejeta, kisha fundi humshauri aondoe themostati kwa maelezo kwamba huku kwetu kuna joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Miezi miwili baadaye injini imefunguliwa, silinda hedi iko kwa mchonga vyuma, na tatizo lililoanza kwa fyuzi ya feni ya bei ya soda limegeuka kuwa deni.

Mkondo huo wa matukio ni wa kawaida kwa wamiliki wa magari ya zamani jijini Dar es Salaam, na magari hayo si machache. Tofauti na Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, Tanzania huruhusu magari makuukuu kuingia kwa kulipiwa kodi ya ziada. Toyota Corolla, Carina na Mark II za miaka ya 1990 bado zinaonekana barabarani kila siku, nyingi zikiwa na rejeta iliyokwisha kuzibuliwa zaidi ya mara moja na feni ambayo si iliyotoka nayo kiwandani.

Kuchemsha ni dalili. Mgonjwa mwenye homa hapewi dawa ya malaria kabla ya kupimwa, lakini gari lenye homa hubadilishiwa vifaa kimoja baada ya kingine hadi fedha ziishe au bahati itokee. Ilhali gari lenyewe huwa limekwisha kusema kinacholisumbua, kwa sababu kila kasoro ya mfumo wa kupoza injini ina wakati wake wa kujitokeza. Gari linalochemsha likiwa limesimama haliumwi ugonjwa mmoja na linalochemsha likipanda mlima, na lile linalochemsha dakika tano baada ya kuwashwa lina ugonjwa wa tatu.

Joto linavyotoka

Ndani ya silinda moto wa petroli hupita nyuzi joto 2,000 za sentigredi, ilhali aluminiamu, ambayo ndiyo madini ya silinda hedi ya magari mengi, huyeyuka katika nyuzi 660. Kinachoiokoa ni maji yanayozunguka katika njia zilizochongwa kuzizunguka silinda. Takribani theluthi moja ya nishati ya mafuta yanayochomwa huondolewa kwa njia hiyo, kiasi kinachokaribiana na kile kinachosukuma gari lenyewe.

Maji husukumwa na pampu inayozungushwa na mkanda. Injini ikiwa baridi, themostati huyafungia njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Yakifikia nyuzi 82 hivi, kwa magari mengi ya Kijapani, themostati huanza kufunguka, na huwa imefunguka kabisa karibu na nyuzi 95. Maji ya moto huingia rejeta kwa juu, hupita katika mirija myembamba inayopulizwa na upepo, na hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini yakiwa yamepoa. Gari likienda kasi upepo wa barabarani hutosha. Likisimama, feni ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote katika mfumo huo ni mfuniko wa rejeta. Wengi huuona kama kizibo cha chupa, kumbe ni vali. Mfuniko wenye maandishi ya 0.9, kwa mfano, huzuia mvuke hadi mgandamizo ufike takribani mara mbili ya ule wa hewa ya kawaida, na maji yaliyobanwa kiasi hicho hayachemki katika nyuzi 100 bali karibu na nyuzi 119. Spring'i yake ikilegea, au mpira wake ukikatika, maji huchemka mapema ingawa injini haina kasoro nyingine yoyote. Ndiyo maana mfuniko haununuliwi kwa kuulinganisha ukubwa tu dukani. Namba iliyochapwa juu yake lazima iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari au kwenye mfuniko wa awali. Mfuniko una vali nyingine ndogo inayorudisha maji kutoka tanki la akiba injini inapopoa. Ikikwama, asubuhi mpira wa juu wa rejeta hukutwa umenyonyeka na kuwa bapa, huku tanki la akiba likiwa limejaa.

Mbinu hii ya kuyabana maji haikuwapo tangu mwanzo. Gari la kwanza la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886 nchini Ujerumani, liliacha maji yachemke na kupotea hewani, na dereva akaongeza mengine. Mkewe, Bertha Benz, alipoliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya masafa marefu kwa gari, alilazimika kutafuta maji njiani mara kwa mara. Dereva wa leo anayebeba madumu mawili ya maji kwenye buti amerudi kwenye teknolojia ya Bertha Benz bila kujua.

Mshale ukipanda njiani

Kabla ya kutafuta chanzo kuna suala la kuiokoa injini. Mshale ukipita katikati na kuendelea kupanda, kiyoyozi huzimwa na hita huwashwa kwa nguvu yake yote, vioo vikiwa wazi. Kwa abiria ni adhabu, hasa mwezi wa Januari, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na hutoa joto la kutosha kumfikisha dereva pembeni mwa barabara. Mshale ukigusa eneo jekundu, injini huzimwa hapo hapo, hata kama nyumbani kumebaki kilometa moja. Kilometa hiyo moja ndiyo inayowapeleka wengi kwa mchonga vyuma.

Magari mengi ya miaka ya 1990 na baadaye yalitengenezwa ili mshale usimame katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, kusudi dereva asipate wasiwasi bure. Kwa hiyo mshale uliovuka katikati kwa upana wa kidole hausemi kwamba joto limeongezeka kidogo, bali kwamba limekwisha kupita mpaka wa kawaida.

Jambo jingine ni hatari zaidi na halifahamiki sana. Sensa ya joto hupima maji inayogusana nayo. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki ikining'inia katika hewa au mvuke, na mshale unaweza kushuka ghafla. Dereva hufurahi kwamba gari limepoa na huongeza mwendo, wakati ndani ya injini chuma kinaungua. Mshale uliokuwa juu ukianguka wenyewe bila sababu, gari lisimamishwe.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa, yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 100, hugeuka mvuke mara tu mgandamizo unapoachiwa, na huruka usoni. Nusu saa ya kusubiri ni kiwango cha chini, na hata baada ya hapo mpira wa juu uguswe kwanza. Ukiwa bado mgumu, mvuke bado umo. Maji baridi hayamwagwi ndani ya injini ya moto wala juu yake, kwa kuwa chuma kinachopozwa ghafla upande mmoja hupasuka.

Linachemsha kwenye foleni, linapoa likitembea

Huyu ndiye mgonjwa wa kawaida wa Dar es Salaam, na habari njema ni kwamba ugonjwa wake kwa kawaida ni wa bei ndogo. Gari linalopoa likipata upepo lina maji ya kutosha na mzunguko mzuri. Linalokosa ni feni.

Kwa magari yenye feni ya umeme, kama Corolla, kipimo cha kwanza ni kuwasha kiyoyozi na kufungua boneti. Katika magari mengi feni huzunguka kiyoyozi kinapofanya kazi. Isipozunguka, fyuzi huangaliwa, kisha rilei, kisha mota yenyewe kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haiwaki injini inapopata moto, mtuhumiwa ni swichi ya joto iliyo kwenye rejeta au karibu na themostati. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kuchomoa waya wa swichi hiyo ufunguo ukiwa umewashwa huifanya feni izunguke. Ikifanya hivyo mota na rilei ni nzima, na kinachonunuliwa ni swichi. Jaribio hilo huchukua dakika moja, lakini gari nyingi zimefungwa feni nzima nyingine bila mtu kulifanya. Mikono na nguo zikae mbali na feni wakati wote, maana ya umeme huweza kuwaka yenyewe.

Feni inayozunguka nayo isiaminiwe moja kwa moja. Mota iliyotengenezwa mtaani na kuunganishwa nyaya kinyume huzunguka vizuri kabisa, ila hupuliza upepo kuelekea mbele, ukipambana na ule wa barabarani. Karatasi ikishikwa mbele ya gari, kwenye matundu ya upepo, ivutwe kuelekea rejeta. Ikisukumwa, upepo unakwenda kinyume. Vilevile kava la plastiki linaloizunguka feni si pambo. Magari yaliyogongwa mbele mara nyingi hurudishwa barabarani bila kava hilo, na feni huvuta hewa ya kandokando badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Mark II na magari ya aina ya Hilux na Land Cruiser ya zamani mara nyingi huwa na feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa imezimwa, feni hiyo ikizungushwa kwa mkono iwe na ukinzani. Ikizunguka huru mizunguko kadhaa kama pangaboi, au ikiwa na alama za mafuta yaliyovuja katikati yake, klachi imekufa. Mafundi wengine huifunga kwa boliti ili izunguke muda wote pamoja na injini. Hupoza, ni kweli, lakini hupiga kelele, hula mafuta, na kwa mwendo mkubwa mapanga yanaweza kukatika na kutoboa rejeta.

Mwisho kwa upande huu kuna uchafu. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati ya viwili hivyo hujikusanya vumbi, mifuko na wadudu wa safari za usiku. Kutazama kwa mbele hakuonyeshi kitu. Rejeta huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine za kuoshea magari za nguvu kubwa hulaza mabati yake membamba na kuziba njia ya upepo kabisa.

Linachemsha likienda kasi au likipanda

Gari linalotulia mjini lakini likachemsha kwenye Mlima Kitonga, au kilometa chache baada ya Chalinze kwa mwendo wa 100, lina kasoro kinyume na ya kwanza. Upepo upo wa kutosha. Kinachopungua ni maji yanayozunguka, au joto linazalishwa kuliko rejeta inavyoweza kulitoa.

Rejeta iliyoziba ndani ndiyo hutuhumiwa kwanza, na kwa gari la miaka 25 kwa kawaida ni haki. Njia rahisi ya kuipima ni kuliendesha gari hadi lipate moto, kulizima, kuhakikisha feni imesimama na waya wake umechomolewa, kisha kupitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Joto hupungua polepole kutoka upande maji yanakoingia kwenda yanakotokea. Sehemu iliyo baridi ghafla katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa, zikapitishwa waya kwenye mirija na kuchomelewa upya. Za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazitengenezeki hivyo kwa uhakika, na plastiki iliyozeeka hupasuka pembeni ilipobanwa, mara nyingi ufa mdogo unaofunguka tu mgandamizo ukipanda. Doa la rangi ya kijani, jekundu au jeupe lililokauka kwenye maungio hayo ni ushahidi tosha.

Mpira wa chini nao huangaliwa. Upo upande wa pampu inayovuta, na baadhi huwa na spring'i ndani ya kuuzuia usinyonyeke. Spring'i ikila kutu, mpira huwa mzima gari likiwa limesimama na hujifunga injini ikizungushwa kwa kasi. Mtu mmoja akikanyaga mafuta huku mwingine akitazama, jambo hilo huonekana kwa macho.

Pampu ya maji hufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya wazi: maji hudondoka katika kitundu kidogo chini ya mhimili wake, na mhimili hucheza. Ya pili imefichika, kwani mapanga ya ndani huliwa na kutu hadi yakabaki mafupi, pampu ikizunguka bila kusukuma kitu cha maana. Gari lililotumia maji ya bomba kwa miaka mingi lisishangaze likikutwa na pampu ya namna hiyo. Mkanda uliolegea au uliong'aa kwa kuteleza hutoa matokeo yaleyale kwa gharama ndogo zaidi, kwa hiyo huanza kuangaliwa wenyewe.

Zipo pia sababu zilizo nje ya mfumo wa maji: taimingi iliyochelewa, bomba la moshi lililoziba, breki zinazoshika bila kukanyagwa, petroli inayoingia pungufu. Gari la namna hiyo huwa pia zito na hunywa mafuta kupita kawaida, na dalili hizo mbili zikiambatana na joto, kubadili rejeta ni kupoteza fedha.

Linachemsha dakika chache baada ya kuwashwa

Injini iliyolala usiku mzima haiwezi kuchemsha ndani ya dakika tano au kumi kwa sababu ya feni mbovu. Hapa kuna mambo manne: maji ni machache, hewa imenaswa ndani, themostati imekwama ikiwa imefunga, au gasketi ya silinda hedi imekatika.

Themostati iliyokwama hujulikana kwa kugusa. Mshale uko juu, lakini mpira mmoja wa rejeta ni wa moto na mwingine baridi kabisa. Ikitolewa, huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Karibu na namba iliyochapwa juu yake lazima ianze kufunguka. Isipofunguka hata maji yakitokota, hutupwa.

Hapa ndipo ulipo mgogoro mkubwa wa gereji zetu. Ushauri wa kuiondoa na kuiacha nje umeenea kiasi kwamba magari mengi ya zamani yanayouzwa mjini hayana kifaa hicho, na mnunuzi huambiwa kwamba gari limeboreshwa. Hoja ya hali ya hewa haina msingi. Hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 32 bado ni baridi mno ikilinganishwa na nyuzi 90 ambazo injini inazihitaji, na kiwandani Japani injini ileile hutarajiwa kufanya kazi majira ya joto yenye nyuzi 35. Injini isiyo na themostati hukaa baridi safari nzima ya usiku, kompyuta yake ikadhani ndiyo kwanza imewashwa na kuendelea kumimina petroli ya ziada, huku oili ikichafuka mapema.

Kwa magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 madhara huzidi hapo. Themostati zake zina kisahani cha pili kwa nyuma, ambacho huziba njia ya mkato ya maji injini ikishapata moto, ili yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Kifaa kikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kwenda kupozwa. Hivyo gari lililoondolewa themostati ili lipoe hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kupoa, na mwenye gari hugundua hilo siku ya kwanza atakayopanda mlima akiwa na mzigo. Wapo mafundi wanaolifahamu hili vizuri. Kuiondoa kwa muda ili gari lifike gereji ni dharura inayoeleweka. Kosa ni kutoirudisha.

Hewa iliyonaswa huletwa na matengenezo yenyewe. Baada ya maji kumwagwa, gari hulazwa pua ikiwa juu kidogo, hita hufunguliwa, na maji hujazwa taratibu injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, kisha injini huwashwa na kuongezwa maji hadi mapovu yaishe. Themostati ina kitundu kidogo chenye kipini cha kupitishia hewa. Hufungwa kikiwa upande wa juu, na kikifungwa chini, gari jipya kutoka gereji litachemsha siku hiyohiyo.

Maji yanapungua lakini hayaonekani yanakokwenda

Mwenye gari anayeongeza lita moja kila asubuhi bila kuona tone chini ya gari yuko katika hatua ya hatari. Kabla ya kuituhumu gasketi, zulia la abiria wa mbele liguswe. Rejeta ya hita ikivuja hulilowesha, na vioo hupata ukungu wenye harufu tamu. Uvujaji mwingine hukaukia juu ya bomba la moshi kabla haujafika chini. Kipimo cha uhakika ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko: hujazwa mgandamizo ulioandikwa kwenye mfuniko, injini ikiwa baridi, na kuachwa dakika kadhaa. Sindano ikishuka, maji yanatoka mahali, na mahali hapo panaweza kutafutwa kwa utulivu.

Pakikosekana, gasketi huingia katika orodha. Dalili zake ni mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa na moto, plagi moja iliyo safi kuliko wenzake, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi; gari la safari fupi hupata ute huo kutokana na unyevu. Gereji zenye vifaa hutumia kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moshi ndani ya rejeta, jaribio ambalo huondoa ubishi kabla ya boliti moja kulegezwa. Kupima mgandamizo wa silinda nako husaidia, hasa silinda mbili zinazopakana zikionyesha namba ndogo kwa pamoja.

Poda na vimiminika vya kuzibia, pamoja na mbinu za njiani za yai na pilipili ya unga, huziba kitundu kidogo cha rejeta kwa safari moja. Haviwezi kutofautisha kitundu na mrija, hivyo huziba vyote viwili, pamoja na rejeta ya hita.

Gari lililokwisha kuungua

Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Injini ikiungua, silinda hedi hutaka kutanuka huku boliti na bloku vikiizuia, nayo hupinda. Mpindo unaokubalika ni mdogo mno: kwa injini nyingi za Toyota za daraja la Corolla ni milimita 0.05, pungufu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Jicho haliuoni. Hupimwa kwa rula maalumu iliyonyooka na vipande vyembamba vya kupimia, kwa urefu na kwa pembe. Kubadili gasketi peke yake bila kipimo hicho, jambo linalofanywa sana kwa sababu ni nusu ya gharama, ni kuliandaa gari kurudi gereji baada ya wiki chache. Boliti nazo hukazwa kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana yenye kipimo.

Iwapo hedi imepasuka, wengi huona nafuu kutafuta injini ya mtumba pale Gerezani. Hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi, ila rejeta, mfuniko na feni vilivyoiua injini ya kwanza huwa bado vipo kwenye gari vikiisubiri ya pili. Vipimwe kabla injini mpya haijafungwa.

Kuhusu maji ya kujaza, imani kwamba kulanti ni kwa ajili ya barafu ndiyo iliyoua pampu nyingi kuliko barafu yenyewe. Kazi yake kubwa katika pwani yetu ni kuzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka. Maji ya visima vya Dar es Salaam, mengi yakiwa na chumvi, huacha magamba ndani ya mirija kama yanavyofanya kwenye birika. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke ndio unaopendekezwa kwa kawaida. Kulanti tupu bila maji si bora zaidi, kwani maji hubeba joto vizuri kuliko yenyewe. Kulanti ya aina ya ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagwa kwenye beseni uani isiachwe watoto, kuku au paka walipo.

Baada ya matengenezo, kiwango cha maji kwenye tanki la akiba huwekewa alama ya kalamu injini ikiwa baridi, na kuangaliwa kila asubuhi kwa wiki moja. Kikishuka kidogo siku ya kwanza na ya pili kisha kikatulia, ilikuwa hewa inayotoka. Kikiendelea kushuka, gari hurudi kwenye pampu ya mkono na kile kimiminika cha bluu.